Kenrokuen kwa misimu yote: fuata maji kabla ya kufuata maua

Swali la msomaji: "Naanza masomo Nagoya mwezi wa Aprili na nitakaa Japani mwaka mzima. Nimeshauriwa nichague bustani moja ya kale ya matembezi na niirudie kila msimu, badala ya kukimbizana na bustani kumi. Nimeichagua Kenrokuen ya Kanazawa. Niende lini, niingie mlango upi, na nitazame nini zaidi ya maua? Pesa yangu ni ya mwanafunzi."

Umechagua vizuri, na aliyekushauri urudie bustani moja amekupa ushauri ulio bora kuliko orodha yoyote ya vivutio. Mwaka mmoja unatosha kuijua. Safari nne ninazozipendekeza ni hizi: wiki ya pili ya Mei, nusu ya pili ya Juni, wiki ya tatu ya Novemba, na siku moja ya theluji kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari. Ukibakiwa na nauli, ongeza siku moja mwanzoni mwa Machi. Utaona sikuweka wiki ya maua ya micheri ya Aprili, na sababu nitaieleza.

Kwanza ujue unaingia wapi. Kenrokuen ina ukubwa wa hekta 11 na kidogo, na iko juu ya kilima kinachotazamana na ngome ya Kanazawa. Ilikuwa mali ya ukoo wa Maeda, watawala wa himaya ya Kaga. Mtawala wa tano, Maeda Tsunanori, alianza kuijenga mwaka 1676 kwenye mteremko unaoikabili ngome. Moto wa mwaka 1759 uliteketeza sehemu kubwa. Mtawala wa 11, Harunaga, aliirudishia uhai kuanzia mwaka 1774, na wa 13, Nariyasu, ndiye aliyelipanua bwawa kubwa na kuipa sehemu ya juu sura unayoiona leo. Wananchi wote waliruhusiwa kuingia mwaka 1874. Kwa hiyo bustani hii haikuchorwa na mtu mmoja kwa siku moja. Ilikua kutoka bondeni kwenda juu kwa karibu miaka 200, na hilo litakusaidia kuelewa kwa nini sehemu ya chini ina giza na miti mizito ilhali ya juu imekaa wazi.

Jina lake linatokana na sifa sita ambazo maandishi ya kale ya Kichina yalisema ni vigumu kukutana mahali pamoja: upana na faragha, kazi ya mikono na ukongwe, maji na mandhari ya mbali. Zitazame mbili mbili. Palipo wazi hapana faragha. Palipotengenezwa na binadamu hapaonekani pakongwe. Na penye maji mengi huwa ni bondeni, mahali pasipo na mandhari ya mbali. Hii jozi ya mwisho ndiyo ufunguo wa Kenrokuen. Hapa upo juu ya kilima, unaona milima upande mmoja na rasi ya Noto upande mwingine hewa ikiwa safi, na bado maji yanatembea miguuni pako mchana kutwa. Yamefikaje huku juu?

Yamefika kwa mfereji. Mwaka 1631 moto uliunguza mji na ngome, na mwaka uliofuata mtawala wa tatu, Toshitsune, aliamuru maji yaletwe. Mfanyabiashara wa Komatsu, Itaya Heishiro, ndiye aliyesimamia kazi hiyo: mfereji wa Tatsumi, zaidi ya kilomita 10, unaochota maji sehemu ya juu ya mto Sai na kuyaleta kwa mteremko mdogo sana, kipande kikubwa kikipita ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba. Hakuna pampu. Maji yanashuka tu, lakini yanashuka polepole kuliko ardhi inavyoshuka, na kwa hiyo yanafika Kanazawa yakiwa bado juu ya mji. Kila bwawa, kijito na maporomoko utakayoyaona yanategemea mfereji huo.

Ndiyo maana ninakuambia utembee na maji. Wageni wengi huingia mlango wa Katsurazaka, ulio mkabala na daraja la ngome, kwa sababu ndio ulio karibu na kituo cha basi. Dakika chache baadaye wamefika bwawa kubwa, wamepiga picha ya taa ya mawe, wamezunguka kidogo na kutoka. Wameiona bustani kuanzia katikati, na kijito wamekikuta kikiwajia usoni bila kujua kimetoka wapi. Wewe ingia mlango wa Zuishinzaka, upande wa kusini, jirani na jumba la Seisonkaku. Kunja kulia mpaka kilima cha Yamazakiyama kwenye pembe ya mashariki. Chini ya kilima hicho maji yanatokea kati ya mawe, na kutoka hapo kazi yako ni moja tu: usiyaache. Yanapita kwenye kijito chenye kona nyingi, chini ya madaraja mafupi, hadi bwawa la Kasumigaike. Kutoka hapo yanashuka kwenye mteremko wa kale na kuanguka kwenye maporomoko ya Midoritaki, yenye kimo cha mita 6 na nusu hivi, yakaingia bwawa la chini la Hisagoike. Utokee mlango wa Renchimon, hapo hapo chini. Kwa mwendo wa taratibu njia hii inachukua saa moja na nusu hadi mbili.

Njia hiyo ina faida nyingine kwa mfuko wako. Kenrokuen hufunguliwa bure alfajiri kabla ya saa za kawaida, na milango inayotumika wakati huo ni hiyo hiyo miwili, Zuishinzaka na Renchimon. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Agosti unaingia kuanzia saa 10 alfajiri. Machi, Septemba na Oktoba kuanzia saa 11. Novemba hadi Februari kuanzia saa 12 asubuhi. Sharti ni kwamba utoke dakika 15 kabla ya muda wa kawaida wa kufunguliwa, ambao ni saa 1 asubuhi kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba, na saa 2 kwa miezi iliyobaki. Ukipitiliza, unakata tiketi. Tiketi ya mtu mzima imekuwa yen 320, bei ambayo haimvunji mtu mgongo, ila angalia bei ya sasa kwenye tovuti ya bustani kabla ya kusafiri. Mimi ningeingia bure alfajiri, nitoke nile, kisha nirudi kwa tiketi mchana siku hiyo hiyo nikae kwenye nyumba ya chai ya Shigure-tei. Mwanga wa saa 11 na nusu alfajiri na ule wa saa 9 alasiri unakupa bustani mbili tofauti.

Hapa pana kikwazo: kutoka Nagoya huwezi kufika alfajiri bila kulala Kanazawa. Treni ya Shirasagi inakupeleka hadi Tsuruga, hapo unabadili na kupanda Shinkansen ya Hokuriku mpaka Kanazawa. Viti vyote vya Shirasagi ni vya kuhifadhi, kwa hiyo usifike stesheni ukitegemea kupanda tu. Basi la masafa marefu linachukua muda mrefu zaidi, kama saa 4, lakini nauli yake ni ndogo kuliko ya treni. Ushauri wangu ni huu: kwa Mei na Novemba, nenda kwa basi mchana, lala kwenye hosteli ya bei nafuu, amka alfajiri. Kutoka stesheni ya Kanazawa hadi bustanini ni robo saa au dakika 20 kwa basi la mjini, au nusu saa hivi kwa miguu. Alfajiri mabasi hayajaanza, kwa hiyo tafuta malazi yaliyo karibu na bustani, si karibu na stesheni.

Sasa misimu yenyewe.

Micheri ya Aprili ni mizuri, sikukatazi. Bustani ina karibu miti 400, na kwa kawaida inafunguka kikamilifu wiki ya kwanza ya Aprili au siku chache baadaye. Kwa takriban juma moja kiingilio huwa bure na taa huwashwa usiku. Matokeo yake ni kwamba mji mzima unahamia humo. Utatembea kwa mwendo wa aliye mbele yako, na bustani iliyojengwa ili mtu asimame pale anapotaka inageuka kuwa foleni. Juu ya hayo, ndiyo kwanza utakuwa umefika Japani, unahangaika na usajili wa chuo na chumba. Micheri utaiona Nagoya pia, kando ya mto wowote.

Subiri Mei. Pitisha kwanza ile juma ya sikukuu mfululizo inayoisha tarehe 5 au 6 Mei, nenda siku za katikati ya juma linalofuata. Utakuta kakitsubata, maua ya zambarau ya jamii ya airisi, yamesimama ndani ya maji pande zote za kijito chenye kona, karibu na daraja la Hanamibashi. Na ukibahatika utakuta bado mcheri mmoja wa mwisho, kiku-zakura. Usiupite. Ua lake moja lina petali zaidi ya 300. Kichipukizi kinaanza na wekundu uliokolea, kikifunguka kinafifia kuwa waridi, na kinapokaribia kuisha kinakuwa cheupe. Kwa hiyo kwenye tawi moja unaweza kuona rangi zote tatu kwa pamoja. Wakati wa kuanguka, petali hazipeperuki moja moja kama za micheri mingine. Ua linadondoka zima, na kikonyo chake. Angalia chini kabla ya kuangalia juu.

Mei pia ndio wakati wa kutazama misonobari kwa karibu. Kila ncha ya tawi inatoa machipukizi mapya yaliyosimama wima. Watunza bustani wa Kijapani huyakata kwa vidole, mengine yote, mengine nusu. Bila kazi hiyo msonobari ungerefuka kila mwaka na matawi ya ndani yangekufa kwa kukosa mwanga. Ukijua hilo, utaacha kudhani kwamba ile miti imezaliwa na umbo lile. Kuna mmoja, Neagari-no-matsu, uliosimama juu ya mizizi zaidi ya 40 iliyo nje ya udongo, mingine ikifika kimo cha mita 2. Mti huo ulipandwa juu ya tuta la udongo, kisha udongo ukaondolewa mti ulipokua. Hizo ndizo sifa mbili za katikati, kazi ya mikono na ukongwe, kwenye shina moja.

Juni watu wengi wanaiogopa kwa sababu ya mvua. Eneo la Hokuriku huingia kwenye majira ya mvua yanayoitwa tsuyu karibu na katikati ya Juni, na hutoka Julai. Kwangu huu ndio msimu unaodharauliwa bila haki. Kuvumwani, ule utandu laini wa kijani unaofunika ardhi chini ya miti, huwa mkavu na wa rangi ya kahawia jua likizidi, na huamka ndani ya muda mfupi ukinywa maji. Nenda siku ya manyunyu, au saa moja baada ya mvua kukatika. Kaa zaidi sehemu ya chini, kuzunguka Hisagoike na nyumba ya chai ya Yugao-tei, iliyojengwa mwaka 1774 na ndiyo kongwe kuliko majengo yote ya bustani. Usikanyage kuvumwani hata kwa inchi moja ili kupata picha. Alama ya kiatu inabaki muda mrefu. Halafu Kanazawa kuna msemo kwamba ukisahau chakula si neno, ila mwavuli usiusahau. Uamini mwaka mzima.

Ukiwa hapo chini, isogelee chemchemi inayorusha maji juu. Kwa kawaida inafika mita 3 na nusu, na inahesabiwa miongoni mwa za kale zaidi Japani. Haina mashine. Maji yake yanatoka Kasumigaike, bwawa lililo juu zaidi, na tofauti ya kimo kati ya bwawa hilo na mdomo wa chemchemi ndiyo inayoyasukuma. Bwawa likipungua, chemchemi nayo inafupika. Ukiwa umetembea na maji tangu Yamazakiyama, hapo ndipo utakapoona nguvu ya mfereji wa mwaka 1632 ikifanya kazi mbele ya macho yako.

Julai ikiisha na Agosti, okoa nauli yako. Joto lina unyevunyevu mkali, kijani ni kimoja kila mahali, na kufikia saa 3 asubuhi utakuwa unatafuta kivuli badala ya kutazama.

Novemba ndiyo safari ninayokuomba usiikose kwa vyovyote. Kama ungekuwa na siku moja tu ya mwaka, ningekupa hii. Kwanza kuna majani ya momiji na miti mingine yanayogeuka mekundu na manjano, hasa kwenye kilima cha Yamazakiyama, mahali unapoanzia. Pili kuna kamba. Kuanzia tarehe 1 Novemba, watunza bustani huanza kazi ya yukitsuri, yaani kuyaning'iniza matawi ili theluji isiyavunje, na kila mwaka wanaanza na msonobari wa Karasaki kwenye ukingo wa Kasumigaike. Mti huo Nariyasu aliuotesha kwa mbegu zilizotoka Karasaki, kwenye ziwa Biwa, na matawi yake yametandazwa juu ya maji kwa upana ambao hakuna mti wa porini ungeuthubutu.

Kazi inakwenda hivi. Nguzo ndefu 5 husimamishwa katikati ya mti. Fundi hupanda hadi kileleni na kuzirusha kamba moja moja; wenzake walio chini na walio kwenye matawi huzidaka na kufunga kila moja kwenye tawi lake. Msonobari huu mmoja unachukua kamba karibu 800, zilizosokotwa kwa mabua ya mpunga. Zikikamilika zinashuka kutoka kileleni kama mbavu za mwavuli uliofunguliwa. Vichaka vidogo havipewi nguzo. Vinakazwa kwa kamba kuzunguka ili theluji isivipasue katikati.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kanazawa iko karibu na bahari ya Japani. Upepo mkavu wa baridi kutoka Siberia unapita juu ya maji yenye joto zaidi, unabeba unyevu, na kuumwaga kama theluji unapoikuta milima ya Honshu. Theluji ya huku chini pwani ni yenye maji, nzito, na inang'ang'ania sindano za msonobari badala ya kuteleza. Tawi lililolazwa mlalo kwa miaka mingi halina uwezo wa kupinda na kuutupa mzigo huo. Linavunjika. Kamba zinabaki hadi katikati ya Machi, ndipo zinapoanza kuteremshwa.

Wiki ya tatu ya Novemba unapata vyote viwili: majani bado yapo, kamba za Karasaki tayari zipo. Jua huchomoza saa 12 na nusu hivi, na muda wa bure unaisha saa 2 kasorobo, kwa hiyo una zaidi ya saa nzima ya mwanga kabla ya makundi ya watalii.

Wakati huo ndio pia wa kuiona taa ya Kotojitoro. Ni taa ya mawe yenye miguu miwili, kimo chake mita 2.67: mguu mrefu umo majini, mfupi umekaa juu ya jiwe la ukingoni. Picha yake iko kila mahali, na mchana utakuta watu wamepanga foleni kwenye kidaraja cha mawe kilicho mbele yake. Kosa la kawaida ni kupiga picha ya taa peke yake. Rudi nyuma hatua kadhaa mpaka upate kidaraja, tawi la momiji linalokiinamia na maji ya Kasumigaike nyuma yake. Taa iliwekwa pale ili ionekane pamoja na vitu hivyo.

Safari ya theluji haipangwi kwa kalenda. Wastani wa joto la Januari Kanazawa uko juu ya sifuri, na theluji ya usiku mara nyingi inaanza kuporomoka kutoka matawini kabla ya adhuhuri. Fuatilia utabiri wa hali ya hewa. Ukisikia theluji nzito inashuka usiku, uwe umeshafika mjini jioni ile. Ukisubiri asubuhi ndipo utoke Nagoya, utafika matawi yakidondosha maji, na huenda treni ikachelewa, maana njia yake inapita Maibara na kaskazini mwa Shiga, ambako nako theluji huzuia mwendo. Sisi tuliokulia kwenye masika na vuli huwa tunafikiria koti na kusahau miguu. Njia za bustani ni za changarawe na mawe, na theluji iliyokanyagwa ikaganda usiku inateleza vibaya, hasa kwenye mteremko wa kuelekea Midoritaki. Vaa buti zisizopitisha maji, zenye soli ya mpira yenye meno. Viatu vya michezo vitalowa ndani ya dakika kumi, na safari yako itaishia hapo.

Mwanzoni mwa Machi, ukiweza, pitia shamba la miplamu. Ina miti karibu 200, na maua yake meupe na mekundu hufunguka kabla ya micheri, wakati kamba bado ziko juu ya misonobari.

Mambo mawili ya mwisho. Jumba la Seisonkaku, ambalo Nariyasu alimjengea mama yake mwaka 1863, lina tiketi yake na hufungwa Jumatano, kwa hiyo usichague siku hiyo ukitaka kuliona. Na katika kila safari, simama angalau mara moja mahali pale pale: kwenye ukingo wa Kasumigaike, upande unaouona msonobari wa Karasaki na kisiwa cha Horai kwa pamoja. Piga picha moja kwa kimo kile kile cha mkono. Ukifika Machi utakuwa na picha za misimu yote zenye mti mmoja na maji yale yale, na tofauti utakazoziona kati yake zitakufundisha kuitazama bustani yoyote ya matembezi utakayoingia baadaye.